Somo la Afya: Kutoka Moshini Kwenda Mvukeni



Kwa muda sasa tumeulizwa swali moja na watu mbalimbali, wengine nje ya kanisa baada ya ibada, wengine kwa sababu ya habari wazipatazo kwa watoto wao walioko Uingereza. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyevuta sigara miaka 20 au 30, akaiacha na kushika ile sigara ya umeme itoayo mvuke, naye akasema kwamba sasa kikohozi kimepungua na ngazi anazipanda bila kuhema, je, mtu huyo amepata nafuu ya kweli, au anajidanganya?

Swali hili halistahili kujibiwa kwa mzaha. Miongoni mwetu wapo wazee wavutao tangu ujana, ambao wamejaribu kuacha mara tatu, mara nne, wakashindwa. Zaidi ya mmoja ameletewa kifaa hiki na mwanawe kutoka ng'ambo, na kifaa kimelala kabatini kwa kuwa mwenyewe hajui kama ni dawa au ni sumu nyingine. Basi tutaeleza kama tulivyozoea kueleza darasani, yaani kuanza na kitu kinachoonekana kwa macho.

Sisi tuliofundisha vyuo vya ualimu twalikumbuka jaribio moja lisilogharimu kitu. Chukua chupa ya plastiki, itoboe tundu dogo karibu na kitako, uzibe tundu kwa kidole na kuijaza maji. Mdomoni pa chupa weka pamba, na juu ya pamba sigara iliyowashwa, kisha uondoe kidole. Maji yakitoka chini, chupa huivuta ile sigara kama pafu livutavyo. Sigara ikiisha, pamba iliyokuwa nyeupe imegeuka rangi ya kahawia na inanuka. Wanachuo waliokuwa wakichekeana nyuma ya darasa hunyamaza. Na hiyo ni sigara moja tu. Mtu avutaye pakiti ya sigara 20 kila siku huvuta zaidi ya 7,000 kwa mwaka. Kilichobaki katika pamba ndicho kiitwacho lami.

Katika moshi wa sigara yapo mambo mengi, lakini mwanafunzi akishika matatu ameshika somo. La kwanza ni hiyo lami. La pili ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi, nayo si ngeni kwetu: ndiyo ile iuayo watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. La tatu ni nikotini. Hii nikotini ndiyo kamba imfungayo mvutaji; ndiyo imwamshayo alfajiri akitafuta kiberiti kabla ya kunawa uso. Lakini daktari mmoja wa London, Michael Russell, alikwisha kueleza tangu mwaka 1976 kwamba linalomrudisha mtu kwenye sigara ni nikotini, bali linalomwua ni lami. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 zajulikana kuwa zaweza kuleta saratani, na sehemu kubwa ya hizo huzaliwa na moto wenyewe. Ncha ya sigara, mtu anapoivuta, hufikia joto la nyuzi 900 hivi.

Sasa tutazame kifaa chenyewe. Kilibuniwa na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003; naye alikuwa mvutaji, na baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu. Ndani yake mna betri, uzi wa chuma unaopata joto, na maji yaliyochanganywa na nikotini na ladha. Maji hayo hasa ni propilini glaikoli na glisirini, nayo glisirini ni ile ile ambayo akina mama hununua kwa kupaka ngozi iliyokauka. Uzi ukipata joto, maji hugeuka mvuke, na mtu huuvuta. Hakuna jani linaloungua, hakuna majivu, hakuna mkaa. Kwa hiyo hakuna lami ya tumbaku, wala hakuna kaboni monoksaidi ya kutajika. Nikotini yabaki.

Hatusemi kwamba mvuke ni hewa safi. Una kemikali za kuwasha koo, na baadhi ya zile mbaya zimo, ingawa kwa kiasi kidogo sana kuliko katika moshi. Mtu mwenye pumu huenda akasumbuliwa nao. Lakini ukilinganisha kitu, ukilinganishe na kile ambacho mtu alikuwa akikifanya jana. Mzee wetu hakuwa akivuta hewa ya mlimani. Alikuwa akivuta moto.

Ni nini basi kinachorudi mwilini, na kwa muda gani?

Jambo la kwanza hutokea upesi kuliko watu wadhanivyo. Kaboni monoksaidi hukaa katika chembe nyekundu za damu mahali palipowekwa kwa ajili ya oksijeni, kama abiria asiye na tiketi aliyekalia kiti cha mwenzake. Mtu akiacha moshi, abiria huyo hushuka. Kwa siku moja au mbili damu yake inakuwa karibu sawa na ya asiyevuta. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba wiki ya kwanza tu aliona mwili umekuwa mwepesi kupanda kilima hasemi uongo wala hajitii moyo bure. Damu yake inabeba oksijeni zaidi.

Halafu hurudi ladha na harufu. Hapo ndipo mke hustaajabu kuona mume aliyekuwa akinyunyizia mchuzi chumvi kabla hata hajauonja sasa analalamika kuwa chumvi imezidi.

La tatu lataka uvumilivu. Njia za hewa za kwenda mapafuni zimetandazwa vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana bila darubini, ambavyo kazi yake ni kufagia makohozi na vumbi kupandisha juu. Moshi huvilaza na kuviua. Moshi ukikoma, vinyweleo huanza tena kazi yake, na kwa sababu uchafu ni mwingi, mtu aweza kukohoa zaidi kwa majuma ya mwanzo kuliko alipokuwa akivuta. Wengi hukata tamaa hapo, wakasema, "Tazama, nilipokuwa na sigara yangu sikuwa hivi," nao hurudi kwenye pakiti. Laiti wangelijua kuwa ni ufagio umeanza kufanya kazi! Lakini hapa hatuna budi kutia neno la tahadhari. Kikohozi kilichozidi wiki mbili, au makohozi yenye damu, au homa za jioni na kukonda, visihesabiwe kuwa ni mapafu kujisafisha. Aende hospitali akapimwe kifua kikuu, maana wavutaji hupatwa nacho zaidi ya wengine.

Mambo haya yamepimwa. Huko Uskochi, katika Chuo Kikuu cha Dundee, wavutaji 114 waliokuwa wakivuta sigara zisizopungua 15 kwa siku waligawanywa, na habari zao zikatolewa mwaka 2019. Wengine waliendelea na sigara, wengine walihamia mvuke wenye nikotini, wengine mvuke usio na nikotini. Waganga walipima jinsi mishipa ya damu inavyoweza kutanuka, kwa kuwa mshipa uliokakamaa ni mwanzo wa ugonjwa wa moyo. Kwa muda wa mwezi mmoja tu, mishipa ya waliohama ilikuwa imepata nafuu, na ya wanawake zaidi kuliko ya wanaume. Tena waliopata nafuu kubwa ni wale walioshika sharti, yaani waliohama kweli kweli.

Wengine walipima mkojo. Mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza walitangaza habari za watu 181, ambamo walitafuta alama za sumu za tumbaku, mojawapo ikiwa sumu ijulikanayo sana kwa kuleta saratani ya mapafu. Kwa watu waliokuwa wameacha sigara kabisa na kushika mvuke kwa muda mrefu, alama ya sumu hiyo ilikuwa pungufu kwa asilimia 97 kuliko kwa wavutaji wa sigara. Asilimia 97 si jambo dogo. Lakini katika watu hao walikuwamo pia waliochanganya, asubuhi sigara, mchana mvuke, na hao hawakuonyesha upungufu mkubwa. Mikojo yao ilikuwa karibu sawa na ya wavutaji.

Hapo, ndugu wasomaji, ndipo tunapotaka mkae kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopotea. Nafuu yote tuliyoitaja haitoki katika mvuke. Mvuke haumponyi mtu kitu chochote. Nafuu yatoka katika kuacha moshi, na mvuke ni gongo la kumsaidia mtu kuvuka tu. Anayesema, "Nimepunguza, sasa navuta sigara tatu tu kwa siku na nyingine ni za umeme," bado yumo ndani ya nyumba inayoungua, ila amesogea karibu na mlango. Mwaka 2018 wachunguzi walikusanya tafiti 141 juu ya ugonjwa wa moyo, wakaona kwamba mtu avutaye sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada aliyonayo yule avutaye 20. Akili ya hesabu ingesema ni sehemu moja ya ishirini. Moyo haufuati hesabu hiyo. Mtu asijipongeze kwa kupunguza. Kupunguza kufae kwa majuma machache kama njia, kisha ile ya mwisho izimwe.

Je, kifaa hiki chasaidia watu kuacha kweli? Twaweza kujibu kwa jaribio moja kubwa lililofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 2019. Wavutaji 886 waliotaka kuacha waligawanywa kwa kura: nusu wakapewa sigara za umeme, nusu wakapewa bandiko au ubani wa nikotini na dawa za namna hiyo, na wote wakapata mashauri ya ana kwa ana. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la mvuke walioacha sigara walikuwa asilimia 18, na katika kundi la pili asilimia 9.9. Kikohozi na makohozi pia vilipungua zaidi kwa watu wa mvuke, ingawa wengi wao walilalamika koo kuwasha. Msomaji mwangalifu ataona mambo mawili hapo. Kwanza, hata kwa njia iliyoshinda, zaidi ya watu wanane katika kumi hawakufaulu. Kwa hiyo mzee aliyeshindwa mara nne asionewe kuwa ni mtu dhaifu. Pili, kati ya waliofaulu kwa mvuke, wanne katika watano walikuwa bado wanavuta mvuke mwaka ulipotimia. Wameacha moto, hawajaacha kamba.

Kwa ajili ya habari kama hizi, Uingereza imeshika njia yake. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya huko ilitangaza kwamba mvuke una madhara pungufu kwa asilimia 95 hivi kuliko sigara, na mwaka 2023 serikali ilisema itawapa wavutaji hadi milioni moja wa England vifaa hivyo ili waache sigara. Ile asilimia 95 imerudiwa mno mitaani, nasi twapenda isomwe kwa uangalifu: yalikuwa ni makadirio ya wataalamu, si hesabu ya watu waliofuatiliwa hata kufa. Haiwezi kuwa hivyo, kwani kifaa chenyewe hakijatimiza miaka 30 duniani. Madaktari wa Kiingereza waliofuatiliwa kwa habari ya sigara walifuatiliwa miaka 50, tangu 1951 hata 2001, na ndipo ikajulikana kwamba aliyeacha akiwa na miaka 60 aliongeza miaka mitatu hivi ya kuishi, aliyeacha akiwa na 50 miaka sita, na aliyeacha akiwa na 40 miaka tisa. Juu ya mvuke hatuna bado kitabu kirefu namna hiyo. Twajua vizuri miezi na miaka michache. Twajua alama za damu na mkojo. Na kwa hayo twaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba mvutaji aliyehama kabisa yu afadhali. Yu afadhali kiasi gani baada ya miaka 40, wajukuu wetu watasema.

Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2023 liliziomba serikali zote zichukue hatua kali za kuzidhibiti sigara hizi, na jirani zetu wa Uganda walikwisha kuzipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2015. Wengine huuliza: itakuwaje waganga wapingane? Kwa maoni yetu hawapingani sana kama ionekanavyo. Uingereza inamtazama mzee mwenye pakiti mfukoni. Shirika linamtazama mtoto wa shule ambaye hajapata kuvuta chochote, anayeletewa mvuke wenye harufu ya embe na stroberi katika kifaa chenye rangi kama peremende. Kwa mzee, mvuke ni kushuka ngazi. Kwa mtoto ni kupanda. Mapafu yake hayana lami ya kuondoa, damu yake haina kaboni monoksaidi ya kushusha; hapati nafuu yoyote, bali hupata kamba ya nikotini shingoni na ubongo wake haujakomaa. Na Uingereza yenyewe imeliona, hata ikapiga marufuku kuuza zile za kutumia na kutupa tangu tarehe 1 Juni 2025. Kijana wa kwaya akikuambia kwamba "hata Wazungu wanawapa watu bure," mwulize ni watu gani.

Msomaji mwingine ametukumbusha habari za Marekani, na amefanya vema. Mwaka 2019 watu wengi, aghalabu vijana, walilazwa hospitali kwa ugonjwa wa ghafula wa mapafu baada ya kuvuta mvuke. Hadi Februari 2020 walihesabiwa 2,807, na 68 walifariki. Uchunguzi ulionyesha kuwa wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi yaliyonunuliwa kichochoroni, ambayo yalichanganywa na namna ya mafuta ya vitamini E. Mafuta hayo si kitu cha kuvutwa mapafuni. Haikuwa ajali ya maji ya kawaida ya nikotini; lakini fundisho lake latuhusu sana sisi tunaoishi mahali ambapo vitu hivi huuzwa dukani pamoja na chaja za simu. Uingereza sheria haikubali nikotini kupita miligramu 20 kwa kila mililita, na chupa ina maandishi yake. Hapa kwetu mnunuzi aghalabu hajui kilichomo, na muuzaji naye hajui.

Kwa hiyo mzee wetu mwenye kifaa kabatini afanye nini? Sisi twaona kwamba aanze zahanati au hospitali, aulize habari za ubani na bandiko la nikotini, ambazo tangu mwaka 2009 zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, na ubora wake unajulikana. Hizo nazo zampa nikotini pasipo moshi. Kama zimeshindikana, au hazipatikani, na kifaa alicho nacho kimetoka mahali penye sheria, tungependa zaidi akitumie kuliko kuendelea na pakiti yake, kwa sharti kwamba aweke tarehe na sigara ya mwisho iishe siku hiyo. Baada ya hapo apunguze nguvu ya nikotini kidogo kidogo, bila haraka inayomrudisha moshini. Mapafu yaliyokwisha kuharibika, vile vifuko vidogo vya hewa vilivyopasuka, hayajengeki tena. Lakini mwendo wa kuharibika hupungua, na hilo kwa mtu wa miaka 60 ndilo linaloamua kama atatembea mwenyewe kwenda shambani au atakaa kitini akihema.

Limesalia jambo ambalo hata wauguzi wengine hulisahau. Moshi wa sigara hulichochea ini kuvunja baadhi ya dawa upesi kuliko kawaida. Kinachochochea ni moshi wenyewe, wala si nikotini. Kwa hiyo aliyehamia mvuke ni sawa na aliyeacha kabisa. Siku chache baada ya kuacha, ini hupoa, na dawa ile ile, kwa kipimo kile kile, huzidi katika damu. Miongoni mwa dawa hizo ni aminofilini na teofilini, ambazo wazee wengi wenye pumu wanazijua, na baadhi ya dawa za maradhi ya akili. Hata kahawa imo: vikombe vitatu vya barazani ambavyo havikumnyima mtu usingizi alipokuwa akivuta, sasa vitamtetemesha mikono na kumkesha, naye adhani ni kukosa sigara. Apunguze kahawa kwanza. Na anayetumia dawa hizo, au sindano za kisukari, amwambie daktari siku ile ile anapoacha, asingoje kliniki ya mwezi ujao.

Maji ya nikotini yawekwe juu, mahali pa kufungwa, pamoja na mafuta ya taa na dawa ya panya. Yana harufu ya matunda, na mtoto mdogo akiyanywa ni sumu. Yakimmwagikia ngozini aoshwe mara moja kwa maji mengi, na akiwa ameyanywa apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe, ili daktari asome kilichoandikwa.